Wapenzi wa Langalanga

Jumatatu, 1 Septemba

Ninaandika shajara hii kwa sababu moja tu: siku nitakapopewa cheo ninachostahili, watu wataniuliza nilikipataje, nami sitaki kutegemea kumbukumbu za watu wasionipenda.

Leo nimesailiwa Ruiru. Klabu ya Magari ya Ndarugo inatafuta Afisa wa Mashabiki. Nilivaa suti ya mahafali. Nilifika kabla ya mlinzi. Mwenyekiti wa klabu ni Bi. Wangechi, mwanamke wa makamo aliyewahi kuendesha magari ya mbio za vumbi, na ambaye hadi leo hukaa kitini kana kwamba kina usukani. Alieleza shida yao bila kuipamba. Mashindano yao hayavuti watu tena. Vijana wa Thika na Ruiru hutazama mbio kubwa za ng'ambo kwenye televisheni, lakini wakialikwa kutazama za hapa nyumbani husema zimelala. Anataka kujua shabiki anataka nini hasa. Ushindani? Msisimko? Je, ni kitu kimoja au viwili?

Nilimjibu papo hapo. Nilisema kwamba msisimko ni zao la ushindani, na kwamba ushindani hupimwa kwa idadi ya magari yanayopitana. Yakipitana sana, watu husisimka. Yasipopitana, husinzia. Hesabu tupu! Ndiyo iliyonipa shahada yangu ya Takwimu, nami nimeipa jina: Kipimo cha Khisa. Bi. Wangechi akauliza kama nimewahi kwenda kutazama mbio za magari kwa macho yangu. Nikasema mtafiti makini hujiepusha na kelele za uwanjani.

Nilidhani mambo yamekwisha. Nikaambiwa kuna mwombaji mwingine! Anaitwa Mwas. Anatoka Mwihoko. Anaosha magari. Hana shahada, na alipoingia alimsalimu mwenyekiti kwa kusema, "Sasa mathe." Mathe, yaani mama! Nami nilikuwa nimetunga salamu ya sentensi nne. Bi. Wangechi akacheka mpaka akashika meza.

Uamuzi: kila mmoja wetu ataandaa baraza la mashabiki, naye mwenyekiti atahudhuria na kusikiliza. Langu ni Jumamosi, tarehe 13. La Mwas ni kesho yake. Atakayemfundisha jambo asilolijua ndiye atakayeajiriwa. Ni dhuluma kumshindanisha mtu wa takwimu na mtu wa sabuni. Mashindano ya aina hii hayana usawa hata kidogo. Namhurumia Mwas.

Jumanne, 2 Septemba

Nilimweleza Senje Nafuna, dada ya baba, ambaye nimeishi kwake hapa Ngoingwa tangu nilipohitimu. Nilitarajia vigelegele. Aliendelea kukata sukuma wiki. Akasema Baba Mdogo Boaz amepiga simu tena kutoka Kimilili. Kijana aliyekuwa akiendesha posho mill yake ameoa akahama, na mashine imekaa bure. Kwa hiyo, ama nipate kazi kabla ya mwezi huu kuisha, ama nipande basi nikasage mahindi ya watu. Nikamkumbusha kwamba nina shahada. Akasema mahindi hayatauliza.

Mimi! Nyusi zimejaa unga! Katika umri wa kujenga taifa!

Mchana nikaandika hojaji. Maswali arobaini na moja, yote kwa Kiswahili kisicho na doa. Jioni nikaijaribu kwa waendesha bodaboda wa steji yetu. Muasya, ambaye hunibeba hadi mjini, alikuwa wa kwanza. Nikamsomea: "Je, magari yanapopitana, huwa unapatwa na mshawasha wa kiwango gani?" Alifikiri kwa dhati. Akasema yeye hawashwi, lakini kuna mwenzake aliyewashwa mgongo mzima mwezi jana. Akamwita. Mwenzake akaja, akapandisha shati. Wengine wakakusanyika, kila mmoja na dawa yake: huyu aloe vera, yule sabuni ya kipande. Nikawaeleza kwamba mshawasha ni shauku ya moyo. Muasya akashtuka. Akasema kama ni moyo nisipoteze wakati stejini, niende hospitali, atanipeleka mwenyewe.

Hakuna hata mmoja aliyefika swali la pili. Hawa ndio watu ninaotaka kuwatumikia.

Jumapili, 7 Septemba

Nimedhulumiwa hadharani. Nitaandika kwa utaratibu ili nisilie.

Leo saa kumi jioni kulikuwa na mbio, zile za ng'ambo. Mashabiki wa Thika huzitazama kwa Beth, mwenye hoteli ya nyama choma karibu na soko. Beth ana televisheni moja na wateja wa aina mbili. Wa mpira ni wengi. Wa magari ni wachache na huketi upande wa sinki. Wana mapatano ya zamani: kwanza magari, kisha mpira, na anayegusa rimoti katikati huwanunulia wote supu. Nilikwenda kukusanya maoni.

Maoni! Mzee Muriithi, aliyestaafu kiwanda cha nguo, hutazama kwa ajili ya kona ya kwanza tu. Magari ishirini yanataka kupita mahali pa magari mawili, akasema, na hakuna hata moja lenye adabu. Baada ya hapo huenda kuangalia nyama yake, kisha hurudi mwisho. Nikamwambia kwamba kwa njia hiyo anakosa asilimia tisini ya mbio. Akasema nyama ikiungua atakosa asilimia mia.

Wavinya, msusi, hajali kupitana hata kidogo. Anachopenda ni magari yanapoingia kubadilishwa magurudumu. Watu wote wale wanainama pamoja, wanainuka pamoja, na gari limeondoka kabla hujameza mate! Fundi wa gari la mume wake alikaa nalo tangu Jumatatu, akapiga simu Alhamisi kuuliza kama kuna aliyeiona spana yake. Kwa hiyo Wavinya akiona gurudumu linafungwa upesi hivyo, hutaka kulia. Nikamuuliza ushindani uko wapi hapo. Akaniambia nikae chini.

Okello, anayefanya kazi kwenye mashamba ya mananasi, ndiye aliyenichafua roho kabisa. Hana haja na ushindani. Timu yake ikishinda kila wiki, kwa umbali wa kuchosha, yeye hufurahi kila wiki. Raha ya kuponea chupuchupu, alisema, wapewe wenye moyo wa akiba.

Sikuweza kunyamaza. Nilisimama mbele yao. Nikawaeleza kwamba walichokuwa wakitazama si mashindano bali ni maandamano ya magari ya bei mbaya. Kwamba aliyeanza wa kwanza angemaliza wa kwanza. Kwamba wenye pesa wameua ushindani. Na kwamba, kwa mujibu wa Kipimo cha Khisa, hapakuwa na uwezekano wowote wa gari la pili kulipita la kwanza. Hapo mtangazaji akaanza kupiga mayowe. Watu wote wakainuka. Nilidhani ni hoja yangu imewaingia. Hata niliinamisha kichwa kidogo kupokea makofi.

Kumbe nyuma yangu, kwenye televisheni niliyokuwa nimeiziba kwa mabega, gari la pili lilikuwa limelipita la kwanza, la kwanza likalipita la pili, na la tatu likapenya katikati. Jambo pekee la maana katika mbio nzima! "Toa kichwa!" "We kijana, wewe si kioo!" Hata watu wa mpira, ambao walikuwa wamelala, waliamka kunitukana. Beth alinishika kiwiko, akanisindikiza mlangoni, akaniambia nakaribishwa tena siku yoyote ambayo stima imepotea.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimetafakari. Kosa halikuwa langu. Kosa lilikuwa la sampuli. Wale si mashabiki. Ni watu waliopata viti karibu na televisheni. Nahitaji mashabiki wa kweli, yaani wale ambao tayari wanakubaliana nami.

Nimetunga bango. Nimekataa "mbio za magari", maneno ambayo hata mtoto wa chekechea anayaweza. Nimekataa "Fomula Wani", maneno ya kuazima. Mbio zile za magari ya kasi zina jina lao la Kiswahili, ambalo watangazaji wa michezo wenye kujiheshimu hulitumia kila wiki: langalanga. Neno tamu! Ukilitamka unasikia magurudumu yakizunguka. Bango linasema:

BARAZA KUU LA WAPENZI WA LANGALANGA! Je, Langalanga imepoteza msisimko wake? Nani ameiharibu? Tufanye nini ili irudie hadhi yake ya zamani? Njooni tuzungumze bila woga. Jumamosi, 13 Septemba, saa nane mchana, ukumbi wa kanisa, Ngoingwa. Soda zipo.

Auma, mwenye duka la kuchapisha, alilisoma mara mbili. Akauliza kama ni ile Langalanga ya Nakuru, ule mtaa, maana shangazi yake anakaa huko. Nikacheka. Nikamweleza kwamba neno moja laweza kuwa mtaa kwa asiyesoma na mchezo kwa aliyesoma. Akasema sawa, ni bango langu, lakini angekuwa yeye angeweka kapicha ka gari, hata kadogo. Picha! Kwenye bango la kitaaluma! Nilikataa katakata.

Nimebandika kuanzia Thika mjini hadi Ruiru, na mengine Kahawa Sukari, wanakokaa wanachuo, kwa kuwa huko ndiko nitakakoeleweka zaidi.

Jumatano, 10 Septemba

Simu haipumziki! Wapenzi wa langalanga ni wengi kuliko nilivyokisia na, ajabu, wengi wao ni watu wazima. Mwanamke mmoja wa Kahawa Sukari alilia. Alisema ameishi huku miaka yote akidhani yuko peke yake. Nikamfariji, nikamwambia mpenzi wa kweli siku zote huwa mpweke. Akauliza kama aje na watoto, maana hawajui chochote kuhusu Langalanga na ni aibu. Aje nao!

Kisha akapiga Githae, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ruiru. Huyo tulielewana kama tuliosoma darasa moja. Alisema zamani Langalanga ilikuwa na raha, kila mtu alikuwa na nafasi yake, lakini sasa wenye pesa wameingia na kubana kila kona. Kila kona! Nilipiga meza kwa furaha. Ni tasnifu yangu, neno kwa neno. Akauliza kama tutazungumzia pia maji machafu yanayomwagika barabarani. Nikamwambia usalama wa njia ni sehemu ya ajenda.

Alasiri nikaenda Mwihoko kumpeleleza Mwas. Nilimkuta kazini, amevaa gambuti, anapiga gari maji. Hana ukumbi. Hana hojaji. Hana hata mada. Nikamuuliza maandalizi yake yamefika wapi. "Buda, si watu wakuje tu tupige story," akasema. Nilimhurumia kwa moyo wote. Akaniuliza wasee, yaani watu, wa Thika wanasemaje kuhusu mbio. Nikamwaga hasira yote niliyokuwa nayo: Muriithi na kona yake ya kwanza, Wavinya na magurudumu yake, Okello na timu yake isiyoshindwa. Nikamwambia hayo yote ni takataka na nimeyafuta. Mwas akazima mashine ya maji. Akataka kujua hao watu wanapatikana wapi. Nikamwelekeza hadi kwa Beth. Nikamwambia na kiti cha kila mmoja.

"Wacha! Hiyo imeshika," akasema, akanipa mkono wenye povu.

Nimemwachia makapi, naye anashukuru. Hivi ndivyo elimu inavyotofautisha watu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimekagua mabango yangu mjini. Watu wameandika chini yake kwa kalamu. Moja: "Mama Kui wa karibu na posta bado yuko?" Jingine: "Nani analeta ndizi?" Mashabiki wana lugha yao ya siri, ambayo nitaichunguza nikishaajiriwa.

Jioni nilimsomea Senje Nafuna hotuba yangu. Alilala kwenye aya ya pili. Alipoamka akauliza kama nimefika mwisho. Nikamwambia bado niko kwenye utangulizi. Akasema Kimilili siku hizi kumepoa, kuna hata barabara ya lami. Kesho Bi. Wangechi atanijibia.

Jumamosi, 13 Septemba

Ukumbi ulifurika! Viti viliisha, watu wakakaa madirishani. Akina mama walikumbatiana mlangoni. Mtu alileta ndizi. Bi. Wangechi alikaa mstari wa mbele na kunitazama kwa heshima kubwa, kwa mara ya kwanza na, sasa najua, ya mwisho.

Nikafungua: "Wapenzi wa Langalanga!" Vigelegele. Nikauliza ni lini mara ya mwisho Langalanga iliwasisimua. Githae akasimama akasema, kabla ya ule uwanja kuzungushiwa mabati. Niliona anazungumzia uwanja wa mbio, nikaitikia kwa kichwa. Mama mmoja akasema alipokuwa msichana aliweza kupita Langalanga kutoka mwanzo hadi mwisho bila mtu kumgusa. Nikasema ni kweli, siku hizi yanagusana kupita kiasi. Wakatazamana.

Nikafungua mchoro wangu. Nikawaonyesha mstari mwekundu unaoshuka. Nikasema huu ndio mwelekeo wa Langalanga, na kwamba chochote kilicho juu ya mstari huu kimeshapotea. "Kweli kabisa!" mtu akaitika. Mwingine akauliza mstari unapita wapi hasa, na kama nyumba zilizo juu yake ndizo zitakazobomolewa.

Zitabomolewa! Neno hilo lilipita ukumbini kama moto. Nikapiga kengele ya kanisa, ile ndogo ya watoto wa Sunday school, hadi wakanyamaza.

Hapo akainua mkono kikongwe mmoja, Cucu Ngendo. Alisema marehemu baba yake alimwambia kwamba enzi za mkoloni, pande hizo za Langalanga, Wazungu walikuwa wakishindana kwa magari. Vumbi tupu. Baba yake hakuliona gari hata moja vizuri, wala hakujua ni nani aliyeshinda, lakini alirudi nyumbani akiiga ule mlio kwa mdomo, na aliuiga hadi uzee wake. Cucu akaanza kuuiga. Watoto wakacheka. Bi. Wangechi alikuwa ameinama mbele, mkono shavuni, hapumui. Nikapiga kengele tena. Nikamweleza Cucu kwa adabu zote kwamba kumbukumbu za familia hazimo kwenye ratiba, na kwamba turudi kwenye mchoro.

Ukumbi ulininunia. Githae akaniuliza taratibu, "Kijana, kwani wewe ni wa Langalanga gani?"

Nikajibu kwa fahari kwamba mimi sijawahi kukanyaga Langalanga. Huitazama kwa mbali tu, kitakwimu.

Sauti ikatoka dirishani: "Broker! Huyu ni broker wa ploti!" Wakataka kujua ni nani amenituma kuuza mtaa wao. Nikapanda juu ya kiti, nikafafanua kwa sauti kwamba langalanga ni mbio za magari yaendayo kasi, na kwamba mtu yeyote mwenye kusikiliza habari za michezo angelijua hilo. "Atĩ magari?" akauliza yule mama wa Kahawa Sukari, aliyekuja na watoto waliovalishwa nguo za kanisani. "Nimeoga watoto hivi juu ya magari ya TV?"

Nilishushwa kitini. Si kwa ukali, lakini nilishushwa. Na hawakuondoka! Walichagua mwenyekiti, ambaye ni Githae, wakaunda Umoja wa Watu wa Langalanga walioko Thika na Ruiru, wakagawana ndizi, wakamaliza soda zangu, wakaomba, wakaimba. Nilipomtafuta Bi. Wangechi nilimkuta nje kwenye nyasi na Cucu Ngendo, wote wawili wamekunja midomo, wakinguruma.

Nikamwomba anisikilize. Akapangusa machozi, sikujua ya nini. Akasema, "Haiya, Khisa. Watu wote hawa umewaleta na neno moja?" Nadhani ilikuwa sifa.

Jumapili, 14 Septemba

Baraza la Mwas. Nilikwenda Mwihoko kama mtafiti huru na kusimama nyuma ya tangi la maji.

Baraza lenyewe liko wapi? Magari mawili makuukuu yameinuliwa kwa jeki. Timu mbili, kila upande watu wanne, nani atabadilisha magurudumu upesi zaidi. Wavinya ndiye mwenye filimbi! Pembeni, Mzee Muriithi amechora kona kwa chokaa, na vijana wanasukuma matairi kwa fimbo, wote wanataka kupita kwenye mwanya mmoja mwembamba. Wanagongana. Wanaanguka. Mzee anawafokea wasiwe na adabu. Mashabiki wangu wote! Wale niliowafuta!

Sasa anisome vizuri mtu yeyote atakayesoma haya. Timu ya Okello na wenzake wa mananasi ilishinda raundi ya kwanza. Ikashinda ya pili. Ikashinda zote, na hakuna aliyeikaribia. Kwa mujibu wa Kipimo cha Khisa, msisimko ulikuwa sifuri. Sifuri! Lakini watu walikuwa wamepanda hadi juu ya paa la kioski. Kila raundi walitokea wapya kujaribu kuiangusha timu hiyo, wakashindwa, wakadai warudie. Okello alikuwa anacheza densi peke yake.

Siwezi kuvumilia uongo. Nikatoka nyuma ya tangi na kuwatangazia kwamba wanachokihisi hakipo. Nikaanza kuwaonyesha hesabu. Wavinya akatoa filimbi mdomoni. "Yaani niko na raha na unaniambia sina?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, kitaalamu hana.

"Buda," Mwas akasema, "shika spana."

Nikaishika, ili kuthibitisha hoja. Nilipewa gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Natamka mbele ya historia kwamba nati zile zilikuwa zinafunguka kwa upande usiotarajiwa. Timu ya Okello ilimaliza, ikanawa, ikaja kutusimamia kichwani na kutushangilia, nami bado niko kwenye nati ya tatu. Ilipotoka nilipiga ukelele. Ukelele huo ulitokana na kidole. Bi. Wangechi, aliyekuwa kwenye gurudumu la mbele akiwa na grisi hadi viwikoni, anadai niliruka juu nikamkumbatia Mwas. Nakanusha. Nilikuwa natafuta mahali pa kujishikilia.

Jumanne, 16 Septemba

Kazi amepewa Mwas.

Bi. Wangechi alipiga simu mwenyewe. Alisema Mwas amemfundisha kwamba shabiki anataka kushika spana, nami nimemfundisha kwamba watu watatoka mbali kwa ajili ya jina la kwao. Kwa hiyo mashindano yajayo ya Ndarugo yataitwa Langalanga. Umoja wa Githae umeshaahidi kujaza upande mmoja wa uwanja, na atakayeanzisha mbio si mtu wa bendera bali ni Cucu Ngendo, kwa mlio wake. Neno langu! Bango langu! Na yule bibi niliyempigia kengele!

Akaongeza kwamba Mwas amemwomba jambo. Anataka msaidizi, na anataka awe mimi. Eti najua kuuliza maswali, na nikiacha kujijibu nitafaa sana. Ni ajira kamili. Sharti ni moja: kila siku ya mbio nisimame kwenye nyasi na mashabiki, bila mchoro, nitazame tu.

Nitazame tu! Chini ya mtu aliyesema mathe! Nilimjibu kwamba mtu wa kiwango changu hatumwi kwenye nyasi. Akaniuliza kama nina hakika, maana nafasi kama hii haitamngoja mtu. Nikamwambia nina hakika kwa asilimia tisini na tano, ambacho ndicho kiwango kinachokubalika kitaaluma. Nikakata simu kwa heshima.

Nikamsimulia Senje Nafuna nilivyolinda hadhi ya familia. Alipanda kwenye stuli, akashusha sanduku langu kutoka juu ya kabati, akalipiga vumbi.

Ijumaa, 19 Septemba

Kesho naondoka kwa basi la asubuhi. Nisieleweke vibaya, huku si kushindwa, ni uhamisho.

Nimeichunguza hali ya mashine ya Baba Mdogo Boaz kwa simu, na tatizo limenidhihirikia mara moja: ushindani. Upande wa pili wa barabara kuna mashine nyingine, na wateja huchagua kati ya hizo mbili kwa sababu zisizo na msingi wowote, kama vile unga laini na maneno mazuri. Hakuna aliyewahi kuwapimia msisimko wao wanaposubiri kusagiwa. Hojaji mpya ina maswali hamsini na matatu. Muasya, aliyekuja kuuliza nitahitaji kubebwa saa ngapi, alilisikia la kwanza akaniuliza kama bado sijaenda hospitali.

Kilichobaki ni bango. Nimekataa "posho mill", maneno ya kuazima. Nimeandika: KONGAMANO KUU LA WAPENZI WA KINU. Nilimsomea baba mdogo. Akasema kwamba huko Kimilili kinu ni kile cha kutwangia, na kina mama wote watakuja na michi mabegani wakidhani kuna harusi. Akashauri nichore tu mashine. Nikamweleza, bila kumvunjia heshima, kwamba yeye ni fundi wa kusaga na mimi ni fundi wa maneno, na kila mtu abaki kwenye fani yake.

Limeshachapishwa. Mada ni "Je, Kinu Kimepoteza Ladha Yake?" Wote waje, mbele ya mashine, Jumatano, 24 Septemba, saa tatu kamili asubuhi.